Kuunganisha ndege: jengo moja au majengo mengi, tiketi moja au mbili, masaa mawili au manne, uchukue ipi?

Ukitafuta tiketi ya mbali utaletewa kitu kama hiki: safari A unaunganisha ndege kwa saa 1 na dakika 25, safari B unakaa uwanjani masaa 4, bei zinakaribiana, basi jicho linaenda kwa ile fupi maana nani anataka kukaa kwenye viti vya chuma masaa manne anaangalia watu wakipita. Shida ni kwamba hiyo namba ya masaa peke yake haisemi kitu. Kinachoamua kama utaiwahi ndege ya pili ni foleni ngapi ziko hapo katikati, na kama kuna mahali unalazimika kutoka nje halafu uingie upya. Kuna uwanja masaa mawili yanatosha mpaka unaanza kusinzia, na kuna uwanja masaa mawili hayohayo yanaisha bado uko kwenye foleni ya pasipoti na ndege yako unaiona dirishani.

Kwa hiyo nalinganisha nikianzia na kinachouma zaidi, na kwa mtazamo wangu kinachouma zaidi sio ukubwa wa uwanja ingawa ndio kila mtu anauogopa.

Tiketi moja au tiketi mbili

Angalia hii hata kabla ya jina la uwanja. Tiketi moja maana yake safari nzima iko kwenye bukingi moja, ile namba ya bukingi ya herufi na tarakimu sita ni moja, hata kama ndege zenyewe ni za mashirika mawili tofauti. Hapo begi kwa kawaida unakabidhi mara moja unalikuta mwisho wa safari (Marekani ni habari nyingine, tutafika), bodingi pasi zote mara nyingi unapewa mwanzoni, na ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni kazi yao kukutafutia nyingine. Kwa safari inayoanzia Umoja wa Ulaya, au inayoingia huko na shirika la huko, kuna sheria kabisa, namba 261 ya mwaka 2004: ukifika mwisho wa safari umechelewa masaa 3 au zaidi na sababu ni ya shirika lenyewe, sio dhoruba, fidia ni euro 250 mpaka 600 kutegemea umbali. Na mahakama ya Ulaya ilishaamua mwaka 2013 kwamba kinachohesabiwa ni umechelewa kiasi gani kufika mwisho, sio kipande cha kwanza kilichelewa dakika ngapi. Yaani dakika 40 za mwanzo zikikukosesha ndege ukafika kesho yake, inahesabiwa kesho yake.

Tiketi mbili ni pale umejiungia mwenyewe, au mtandao wa kuuza tiketi umekuungia halafu ukaandika kwa maandishi madogo huko chini kwamba mizigo utahamisha mwenyewe. Bei inashuka kweli, wakati mwingine inashuka mpaka inatia tamaa. Sasa angalia unachofanya hapo katikati: unapita uhamiaji, unasubiri begi kwenye mkanda, unapita forodha, unapanda ukumbi wa kuondokea, unatafuta kaunta ya shirika la pili, foleni ya kukabidhi begi, ukaguzi, uhamiaji wa kutoka, ndio uanze kutafuta geti. Na kaunta nyingi za safari za kimataifa zinafungwa dakika 60 kabla ndege haijaondoka, kwa hiyo masaa 3 ya kwenye karatasi ni masaa 2 ya kweli, na begi likichelewa kutoka ni saa moja na kitu. Ukikosa, shirika la pili linakuhesabu kwamba hukutokea, na kama tiketi hiyo ya pili ilikuwa ya kwenda na kurudi, mara nyingi hata kurudi wanakufutia. Huyu wa kwanza hakujui, ameshakufikisha alikosema atakufikisha. Wa pili ndio kabisa.

Mimi tiketi mbili nazikubali kwa hali mbili tu: nina begi la mkononi peke yake na katikati kuna masaa 6 kwenda juu, au nalala mji ule na kuondoka kesho. Nje ya hapo ule unafuu wa bei ni kamari.

Kujua uko upande gani sio kazi. Siku ya safari ukikabidhi begi, soma ile karatasi wanayoifunga kwenye mshikio, herufi tatu kubwa zilizoandikwa pale ndio mahali begi litaishia. Kama unaenda Toronto na imeandikwa IST, begi lako linaishia Istanbul, uliza hapohapo kabla halijaondoka kwenye mkanda maana baada ya hapo unaongea na hewa.

Nchi ya kupita tu au nchi ya kuingia

Hapa ndipo watu wanapigwa, na hakuna ramani ya uwanja itakayokusaidia.

Doha, Dubai, Istanbul na Singapore ni viwanja ambavyo biashara yake kubwa ni watu wanaopita. Ukishuka unafuata mshale wa transiti, wengi wanapita ukaguzi wa mashine mara moja, halafu uko kwenye ukumbi wa kuondokea, hakuna afisa wa uhamiaji, hakuna muhuri, begi linahamishwa huko chini wewe hulioni. Singapore kidogo ni tofauti, kwenye Terminali 1, 2 na 3 ukaguzi uko getini kwenyewe, raha ukishuka kwenye ndege maana unaingia ukumbini moja kwa moja, karaha baadaye maana ile chupa ya maji uliyonunua humohumo ndani unaimwaga ukifika getini. Watu wananuna sana hapo.

Marekani ni kinyume chake kabisa. Marekani hakuna kupita tu. Hata kama unatoka Ulaya unaenda Mexico na unashuka Atlanta masaa mawili, utaingia Marekani rasmi: pasipoti, alama za vidole, mara nyingi unachukua begi lako, unapita forodha, unalirudisha kwenye mkanda wa kuunganisha, halafu ukaguzi upya wa wewe na begi la mkononi. Zamani kulikuwa na mpango wa kupita bila visa, ukasimamishwa Agosti 2003. Kwa hiyo unahitaji visa (hata ya kupita tu, ile C-1) au ESTA, kibali cha kuomba mtandaoni, kama pasipoti yako ni ya nchi zilizosamehewa visa. Kuna uchochoro mmoja mzuri: Dublin, Shannon na Abu Dhabi wana maafisa wa Marekani palepale, unamaliza uhamiaji kabla ya kupanda, ukitua Marekani unashuka kama mtu wa safari ya ndani. Nikiwa na chaguo la kuunganisha ndege ndani ya Marekani saa 1 na nusu au masaa 3, yote bila huo utaratibu, nachukua masaa 3 bila kufikiria, na saa 1 na nusu nikiwa nimepitia Dublin naiona inatosha.

Ulaya iko katikati na ndio inachanganya zaidi. Nchi 29 za Schengen zinahesabika kama nchi moja kwa mambo ya mipaka, kwa hiyo swali sio unabadilisha ndege Ulaya au la, swali ni unabadilisha mara ngapi na unaenda wapi baada ya hapo. Ukipita Amsterdam tu kutoka nje ya Schengen kwenda nje ya Schengen, unabaki upande wa kimataifa, hukutani na uhamiaji. Ukipita Frankfurt halafu Madrid halafu nje, ile Frankfurt–Madrid ni safari ya ndani, maana yake umeingia Schengen, maana yake visa kamili kama pasipoti yako inaihitaji, hata kama hukuwa na mpango wa kuona mlango wa kutokea. Tiketi inauzwa kawaida kabisa, mashine haikuonyi, unakuja kuambiwa kaunta siku ya safari. Na ukiingia Schengen, tangu 12 Oktoba 2025 walianza mfumo wa kuchukua picha na alama za vidole badala ya kugonga muhuri kwa wageni, mara ya kwanza inachukua muda, ongeza hesabu yako. Tena raia wa nchi 12 wanahitaji visa ya transiti hata kama hawatoki upande wa kimataifa, zikiwemo Nigeria, Ghana, Ethiopia, Somalia, Eritrea na Kongo ya Kinshasa, na baadhi ya nchi za Ulaya zinaongeza wengine kwenye orodha yao.

Uingereza nao wana visa yao ya kupita ndani ya uwanja kwa pasipoti nyingi, na ni kitu tofauti kabisa na ya Schengen, ukiwa nayo moja haikusaidii upande wa pili.

Usiamini jibu la rafiki hapa, hata mimi usiniamini kwa pasipoti yako. Yule wa kaunta hasikilizi hadithi, anaingiza pasipoti yako na njia yako kwenye mfumo unaoitwa Timatic, ukisema hapana hupandi. Mashirika kadhaa yana ukurasa wa kuangalia kitu hichohicho bure kabla hujalipa, kaa dakika tano uingize njia yako yote, na vituo vyote sio kile cha mwisho tu.

Jengo moja kubwa au majengo mengi

Sasa ndio tufike kwa ukubwa. Istanbul mpya (ilifunguliwa 2018, ndege zote zikahamia Aprili 2019) ni jengo moja la kutisha, karibu mita za mraba milioni 1.4 chini ya paa moja. Kutembea ni kutembea kweli, toka geti la mwisho la upande mmoja mpaka la mwisho upande mwingine unaweza kumaliza nusu saa ukiwa na begi na mtoto. Ila ni kutembea tu. Huwezi kupanda basi lisilo lako, huwezi kutokea nje kwa bahati mbaya. Doha hivyohivyo, jengo moja, kuna na treni ndogo ndani inayokupeleka upande wa mbali, na yule dubu mkubwa wa njano katikati ni alama nzuri sana ya kukutania kama mko wengi, mkipotezana semeni tu kwa dubu. Amsterdam nayo ni jengo moja, ila ndani imegawanywa na uhamiaji kati ya Schengen na kwingine, kwa hiyo geti linaweza kuwa mita 200 na foleni dakika 40.

Viwanja vya majengo mengi vinatofautiana sana na hapa ndio uangalie herufi na namba kwenye tiketi. Heathrow kuna Terminali 2, 3, 4 na 5 (usitafute ya 1, ilifungwa 2015), kuhama kutoka moja kwenda nyingine unafuata mabango ya zambarau ya kuunganisha ndege, unapanda basi la ndani, unakaguliwa upya. Terminali 5 kwenda 5 ni rahisi, ingawa nayo ina vipande A, B na C na treni katikati. Paris Charles de Gaulle ndio mtihani, maana "Terminali 2" sio jengo, ni ukoo mzima: 2A mpaka 2G, na 2E nayo ina kumbi za K, L na M, na 2G iko pembeni unaenda kwa basi. Mtu akikwambia anaunganisha 2E kwenda 2F muache ajaribu na saa 1 na nusu, akikwambia 2G mwambie atafute safari nyingine. Dubai, kama ndege zote mbili ni za Emirates uko Terminali 3 mwanzo mwisho, kuna treni kwenda upande wa A, mambo laini. Kama ya pili inaondokea Terminali 2 jua iko ng'ambo ya pili ya njia za ndege, basi linakuzungusha uwanja mzima. New York JFK terminali haziunganiki kwa ndani, treni ya kuhama iko nje ya ukaguzi, kila ukihama unakaguliwa upya.

Kwa hiyo kati ya jengo moja kubwa la kutisha na majengo matano madogo, chukua kubwa. Miguu ina mwendo unaoweza kuukadiria, foleni na basi huwezi.

Na kuna ule mtego wa mji mmoja viwanja viwili. London Heathrow na Gatwick, Tokyo Narita na Haneda, Istanbul yenyewe na Sabiha Gökçen (SAW) ng'ambo ya maji, New York JFK na LaGuardia na Newark. Jina la mji ni lilelile kwenye tiketi, soma zile herufi tatu. Zikiwa tofauti unavuka mji mzima na mizigo yako na visa yako, hiyo sio kuunganisha ndege tena.

Masaa mawili au manne

Kila uwanja una muda wa chini wa kuunganisha ambao mashirika yamekubaliana, mfumo wa tiketi hauuzi chini ya huo. Vienna wanajisifu kwa dakika 25, na kwa kiwanja kile inawezekana. Lakini elewa huo muda umepangwa kwa siku ambayo kila kitu kimeenda sawa, na geti linafungwa dakika 15 mpaka 20 kabla ya ndege kuondoka, sio muda ule ulioandikwa. Ukiona saa 1 na dakika 10, toa 20 za geti, toa 15 za kushuka kama umekaa viti vya nyuma, baki na 35.

Hesabu yangu ni hii, na ni ya mtu muoga kidogo, nakubali: jengo moja bila uhamiaji, tiketi moja, saa 1 na nusu mpaka 2 nakaa vizuri. Kukiwa na kubadilisha jengo au pasipoti, masaa 3. Marekani kwa mara ya kwanza, 3 na zaidi. Ila kuna kitu kimoja kinabadilisha kila kitu, ndege inayofuata ni lini? Kama shirika lina ndege nne kwa siku kwenda huko unakoenda, ile safari fupi ichukue tu, ukikosa unapanda ya jioni. Kama ni mara tatu kwa wiki, saa 1 na dakika 25 ni kujitakia kulala kwenye zulia la uwanja siku mbili. Na safari ya kwanza ikiwa ya asubuhi kabisa ni afadhali kuliko ya jioni, maana ndege za jioni zinabeba uchelewaji wa siku nzima.

Zaidi ya masaa 8 ni habari nyingine, hapo linganisha kama unaruhusiwa kutoka nje na kama shirika linatoa hoteli, mashirika kadhaa makubwa yanatoa kwa transiti ndefu ila lazima uombe mapema na lazima iwe hukuwa na safari fupi zaidi ya kuchagua.

Apu au mabango au kuuliza mtu

Kwa kifupi: apu ya shirika kwa namba ya geti, skrini za uwanjani kwa kuhakikisha, mtu kwa njia. Kwenye skrini tafuta namba ya ndege, sio jina la mji, kunaweza kuwa na ndege tatu za mji mmoja ndani ya saa moja. Na ndege moja inaweza kuandikwa namba tatu za mashirika matatu, zinabadilishana kwenye skrini, usishtuke yako ikipotea sekunde kumi. Geti likiandikwa mapema, rudi kuangalia tena, hasa viwanja vikubwa yanabadilishwa. Piga picha ramani ya uwanja kabla hujasafiri, intaneti ya uwanja inataka namba ya simu ya kupokea meseji na laini yako inaweza isishike huko.

Ukiwa unamkatia mzazi

Hapa bei nasahau. Mama au baba anayesafiri peke yake mara ya kwanza, hajui lugha ya huko, chukua shirika moja, tiketi moja, uwanja wa jengo moja, kituo kimoja, masaa 3 mpaka 4. Na muombee msaada wa kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri, unaomba bure kwa shirika, angalau masaa 48 kabla. Atakayemsukuma anajua njia, anapita foleni za pembeni, anamfikisha getini. Wazee wengine wanagoma wanasema mimi sio mgonjwa, mwambie ni mtu wa kumuonyesha njia tu. Muandikie kwenye karatasi namba ya ndege ya pili, mji, na namba yako ya simu, simu inaisha chaji, karatasi haiishi.

Ukikosa ndege: kaunta au simu

Ukishajua imekwenda kuna foleni moja ndefu kwenye kaunta ya transiti ya abiria wote wa ndege yenu iliyochelewa, na viti vilivyobaki kwenye ndege ya usiku ni vichache. Panga foleni, sawa, lakini ukiwa ndani ya foleni fungua apu ya shirika, mara nyingi wameshakuhamishia safari nyingine wenyewe na iko pale inasubiri ukubali, na wakati huohuo piga simu ofisi yao ya nchi yoyote ambayo sasa hivi ni mchana. Anayepokea kwanza kati ya hao watatu ndio huyohuyo. Ukipata, hakikisha na begi limehamishiwa ndege hiyo mpya, mtajie namba ya ile karatasi waliyokupa mwanzo, usiondoke kaunta kabla hajaiangalia.